Watoto Tisa wa Barbora Vondra

Jumatatu, 7 Machi 1988

Mke wangu Marlys kaninunulia daftari. Anasema tangu nistaafu posta nimekuwa nikizunguka humu ndani kama kuku anayetafuta pa kutagia, na bora niandike kuliko kumfuata jikoni nikifunua masufuria. Haya, naandika. Leo upepo. Theluji imekwisha, imebaki ile chafu nyuma ya ghala. Sina la zaidi.

Alhamisi, 10 Machi

Sasa ninalo. Shangazi Albina kaniita. Ana miaka tisini na mmoja, ni dada mkubwa wa marehemu baba yangu, anaishi peke yake kwenye kijumba nyuma ya ukumbi wa Fikra Huru, chama chetu sisi Wacheki tulioacha kanisa, na kuita kwake ni amri. Mimi nina sitini na sita, lakini kwake bado ni yule mtoto aliyevunja dirisha.

"Keti. Kula baadaye. Jiwe la kaburi la babu na bibi yangu limepasuka."

"Nimeliona, Shangazi. Ni baridi hiyo."

"Najua ni baridi. Nimeagiza jipya kwa Duane Krumm, mchonga mawe. Mbele Frantisek na Barbora, nyuma watoto wao wote. Wote, Emil. Duane anataka majina kabla ya tarehe kumi na nne Mei, la sivyo jiwe halitawahi Siku ya Makaburi, mwisho wa Mei."

"Si tunawajua? Vaclav baba yenu, Josef, Tomas aliyepigwa teke na farasi, Anna, Rozalie, Matej, Karel. Saba."

Akapangusa meza isiyo na uchafu. "Bibi alikufa mimi nimemshika mkono. Mwaka wa ishirini na moja. Asubuhi ile alikuwa akihesabu kwa vidole, hasemi neno, anahesabu tu. Kila mara anafika tisa. Nikadhani ni homa. Miaka sitini na saba nimejiambia ni homa, na sasa sijiamini tena. Nikifa bila kuuliza, hakuna mwingine atakayeuliza."

"Na mimi nifanye nini?"

"Wewe si mtu wa posta? Watafute."

Kisha ndipo akaniletea kolachi, vile vimkate vyake vya plamu. Nilikula vinne. Nimesambaza barua katika wilaya hii miaka thelathini na mmoja, na sijawahi kushindwa kumpata mtu. Ila hao walikuwa hai.

Jumanne, 15 Machi

Mjini, maktaba ya wilaya. Msichana wa pale alinikalisha mbele ya mashine yenye kioo, akatia mkanda wa filamu, akanionyesha mpini wa kuzungusha. Daftari zote za sensa zimepigwa picha humo. Unazungusha, na majirani zako wote waliokufa wanapita mbio. Nilipata kizunguzungu nikaomba maji.

Sensa ya mwaka 1900. Karani aliandika kama aliyekuwa juu ya farasi, lakini niliwapata. Nyumba ya kwanza Vaclav na mkewe, na binti yao Albina, miaka mitatu. Nyumba inayofuata Frantisek na Barbora. Mwaka ule waliwauliza wanawake maswali mawili: umezaa watoto wangapi, na wangapi wako hai. Kwa Barbora karani ameandika tisa, kisha sita.

Kwa hiyo haikuwa homa. Sita walio hai tunawajua wote. Wa saba ni Tomas, aliyekwisha kufa. Bado wawili.

Nikapitia kwa Shangazi na fotokopi. Alilisoma jina lake kwanza. "Miaka mitatu," akasema, "na tayari serikali inanifuatilia." Kisha kidole chake kikateremka hadi kwenye tisa, kikabaki pale. Aliniambia nisimwangalie, nikatazama nje.

Jumanne, 22 Machi

Vumbi. Mvua hakuna. Wakulima wanaangalia juu kama wanaodai jibu.

Jumanne, 29 Machi

Sensa ya 1880! Juni ya mwaka ule, Frantisek, mkulima, Barbora, mke, Vaclav 9, Josef 6, Anna 4, Tomas 2, na Vojtech, miezi sita.

Vojtech. Hakuna mtu katika ukoo wetu aliyewahi kulitaja jina hilo. Nilikaa pale nikamtazama mpaka msichana wa maktaba akaniuliza kama mashine imekwama. Nikamwambia hapana, nimempata ndugu wa babu yangu. Wanane sasa.

Nilifurahi njia nzima ya kurudi, nikipiga honi kwa watu nisiowajua.

Jumanne, 5 Aprili

Sensa ya jimbo, 1885. Vojtech hayumo. Amekufa basi, kati ya sensa hizo mbili. Nilijua itakuwa hivyo, ila nilihuzunika kama niliyeletewa habari leo.

Tena kuna kituko. Anna, aliyekuwa na miaka minne mwaka 1880, hapa ana miaka miwili. Nikamwambia Marlys wakati wa chakula.

"Karani alikuwa amelewa," nikasema. "Tisa kaifanya mbili."

"Au Shangazi Anna kaanza mapema," akasema Marlys. "Unamkumbuka? Kila sherehe ya kuzaliwa kwake tulikuwa tunapunguza mshumaa mmoja."

Tulicheka sana. Ni kweli, marehemu Anna aliogopa miaka kuliko nyoka, na jiwe lake linasema alizaliwa 1883, nasi sote tulijua ni uongo wa heshima. Nimeandika pembeni: Anna, 1876, jiwe lirekebishwe.

Jumanne, 12 Aprili

Nimekwama. Sensa ya 1890 iliungua huko Washington, majivu matupu. Leo nimepitia daftari la maziko la makaburi yetu ya Fikra Huru, ukurasa kwa ukurasa. Linaanza 1884. Kabla ya hapo hatukuwa na makaburi yetu.

Sisi tulitoka kanisani na kuanzisha ukumbi, chama cha kuzikana na makaburi yasiyo na padri, na kila mtoto wa Vondra anajua kwa nini. Padri wa kanisa la Mtakatifu Prokopi alikataa kumzika mtoto wa Frantisek kwa sababu Frantisek alikuwa anasoma magazeti ya Fikra Huru. Babu akatoka, sisi tukamfuata. Matous, mdogo wake, akabaki na padri wake. Tangu siku ile watu wa Frantisek hawajakaa meza moja na watu wa Matous. Hatugombani. Tunasalimiana kwa kidevu.

Nimeisikia hadithi hiyo tangu nikiwa na meno ya utoto, nikaisimulia kwa wengine, na leo tu, nikiwa nimefunga daftari lile, ndipo nikajiuliza: mtoto gani?

Jumanne, 19 Aprili

"Daftari za kanisa ziko kwa Rita," kasema Marlys.

Rita Vondra ni kitukuu wa Matous. Ndiye katibu wa parokia.

"Mtoto waliyekataa kumzika, atakuwaje kwenye daftari lao?"

"Basi nenda ukahakikishe hayumo."

"Shangazi akisikia nimekanyaga kule atanikata masikio."

"Masikio yenyewe hayasikii. Nenda, mzee."

Sijaenda. Nimesafisha mifereji ya paa.

Jumanne, 26 Aprili

Nimeenda. Niandike yote kabla sijayapamba.

Rita ni mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, miwani imefungwa kwa kamba, ofisi inanuka kahawa na nta. Alinitazama kutoka kofia mpaka viatu.

"Kumbe Bwana Posta anaijua njia ya huku. Miaka yote ulikuwa unatupa barua sandukuni na kukimbia kama umefukuzwa na mbwa."

"Mbwa wenu alikuwa ananifukuza kweli."

"Alikuwa anajua ukoo." Lakini akamimina vikombe viwili.

Nikamweleza: jiwe, tisa na sita, Vojtech, tarehe kumi na nne. Sikutaja hadithi ya padri. Hakunihoji. Akaenda kabatini, akaleta daftari refu la ngozi lililolika pembe, akauliza miaka. Kati ya Juni 1880 na Juni 1885, nikasema. Alisoma taratibu, kwa kidole, midomo ikitembea. Mimi nilikunywa kahawa iliyopoa.

"Januari 1882," akasema. "Dondakoo. Mwezi mbaya huu, kila mstari ni mtoto." Kisha akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Huyu hapa. Vojtech Vondra, wa Frantisek na Barbora, miaka miwili. Amezikwa makaburini kwetu tarehe kumi na tisa."

"Amezikwa? Na padri?"

"Sasa na nani? Sahihi yake hii hapa. Subiri, hayuko peke yake. Kaburi hilo hilo, siku hiyo hiyo. Dada yake. Anna, miaka mitano."

Nikamwambia haiwezekani. Anna alikufa mwaka 1961, mimi nilibeba jeneza.

Rita alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu anayetafuta miwani iliyo puani. "Bwana Emil. Huyo uliyembeba alizaliwa lini?"

"Jiwe linasema 1883, lakini alikuwa anapunguza—"

Nikaishia hapo. Wala sikuhitaji kumalizia.

"Nyinyi mliacha kila kitu cha kizee," akasema. "Huku kwetu wazee walifanya hivyo mpaka juzi. Mtoto akifa, anayefuata wa jinsi ile anapewa jina lake. Babu yangu alikuwa Ludvik wa tatu, na wawili wa kwanza hawakufika mwaka. Jina halikuachwa likae bure."

Kwa hiyo makarani wote wawili walikuwa sahihi. Tulicheka mishumaa ya Shangazi Anna, naye maisha yake yote alisema umri wake wa kweli.

Wanane na mmoja, tisa. Ningeondoka hapo ningekuwa mtu mwenye furaha. Lakini Rita alikuwa bado anasoma pembeni mwa ukurasa, ambapo padri ameandika kwa wino mwembamba. Akanigeuzia daftari nisome mwenyewe Kicheki kile. "Ardhi imeganda. Kaburi limechimbwa na Matous Vondra, ndugu wa baba, siku mbili. Mama alikuwepo. Baba aliitwa, hakutaka kuja."

Rita akaniuliza: "Kwenu mnasimuliaje?"

Nikamweleza. Hakukasirika. Alisema tu, "Kwetu wanasema Matous alivunjika mgongo kwenye kaburi lile, na kaka yake hakumshukuru. Nilidhani ni maneno ya wazee."

Akanipigia fotokopi. Nikasahau kofia yangu kule.

Ijumaa, 29 Aprili

Sijamwambia Shangazi. Babu Frantisek ndiye aliyemfundisha kusoma, akimpakata. Picha yake iko juu ya kitanda chake, ndevu na yote. Ningeweza kumpa majina mawili tu na kufumba mdomo kuhusu yale ya pembeni. Marlys anasema ni juu yangu. Akisema hivyo ujue ana maoni.

Jumapili, 1 Mei

Nimemwambia. Posta haifungui barua ya mtu kuchagua cha kumpa.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Nilipomtajia Anna wa kwanza na Vojtech alishika mdomo, machozi yakamtoka bila sauti. "Wawili kwa wiki moja," akasema. "Maskini bibi yangu. Maskini mama yule." Kisha akauliza wamezikwa wapi, nami nikaweka karatasi mezani.

Aliisoma mara mbili. Akakunja uso.

"Nani kakupa?"

"Rita wa Matous."

"Wameandika wao."

"Imeandikwa 1882, Shangazi. Wakati ule hapakuwa na wa kumdanganya."

"Babu yangu hakuwa mwongo. Babu yangu alikuwa mtu pekee katika wilaya hii aliyemwambia padri ukweli usoni, na wewe unaniletea karatasi ya sakristia? Chukua. Chukua na kolachi zako."

Kolachi zilikuwa zake. Nilizichukua.

Jumatano, 4 Mei

Hapokei simu. Upepo wa kusini, mkavu. Mahindi yameoteshwa kwenye majivu, wanasema.

Jumamosi, 7 Mei

Hapokei. Nilipita na gari, pazia likasogea. Yu hai basi.

Pioni za Marlys, yale maua yake makubwa, zimeshaanza kufanya vitumba, wiki mbili kabla ya wakati, kwa joto hili. Anahofia zitachanua na kupukutika kabla ya Siku ya Makaburi. Mimi nahofia jiwe litakuwa na saba, au halitakuwepo. Tulikaa barazani kila mtu na hofu yake, na nadhani hata hivyo tulikuwa tumeridhika. Chai ilikuwa nzuri.

Jumanne, 10 Mei

Saa mbili asubuhi, simu.

"Leta gari."

Nilimkuta mlangoni amevaa kofia nyeusi. Sikuuliza. Alipanda, akafunga mlango mwenyewe, akasema, "Mtakatifu Prokopi."

Tulipofika lango la makaburi ya kanisa, mahali ambapo hajawahi kukanyaga kwa miaka tisini na mmoja, hakushuka. Alibaki amekaa, mkoba mapajani, akitazama mistari ya misalaba.

"Siku ya Makaburi," akasema, "tukishamaliza kwetu, bibi alikuwa anarudi nyumbani kwa miguu. Sisi kwa gari la farasi, yeye kwa miguu, kwa barabara hii. Tulikuwa tunamcheka. Tunasema bibi anataka kuonyesha viatu."

Nikazima injini.

"Nimefikiri siku tisa, Emil. Nilikasirika na Rita, nikakasirika na wewe, nikakasirika na padri, nikaishiwa watu. Sasa sikiliza. Babu yangu hakukataliwa. Alikataa yeye. Alikuwa kijana mwenye kichwa kigumu, amesema mbele za watu kwamba hatakanyaga tena kanisani, kisha watoto wake wawili wakafa. Akang'ang'ania neno lake. Akabaki nyumbani, akamwacha mkewe aende na ndugu yake kwenye baridi ile. Mtu aliyefanya hivyo atawaambia nini wajukuu? Ataweza kusema, sikwenda kuwazika wanangu?"

"Hataweza."

"Hataweza. Atasema alizuiwa. Na mkewe atanyamaza, kwa sababu anampenda au kwa sababu amechoka." Akafuta macho kwa glavu. "Bado nampenda mzee yule. Picha haishuki. Ila bibi alihesabu peke yake miaka thelathini na tisa, na hilo sitaliacha. Peleka majina."

Kisha akaniuliza kama Rita ana kahawa. Anayo, nikasema. Akafikiri, akasema siku nyingine.

Alhamisi, 12 Mei

Kwa Duane Krumm, siku mbili kabla ya mwisho. Aliisoma orodha yangu kwa kalamu mkononi.

"Umemwandika Anna mara mbili, Emil."

"Najua."

"Nikishachonga sifuti."

"Basi usifute. Walikuwa wawili. Chonga."

Jumapili, 15 Mei

Mvua dakika kumi. Watu walitoka nje kuitazama.

Jumamosi, 21 Mei

Marlys amekata vitumba vyote vya pioni, akavifunga kwa magazeti, akavijaza kwenye friji, kama mama yake alivyokuwa akifanya miaka ya joto. Maziwa yako barazani. Nimekula mkate na haradali kwa sababu nyama sijui iko wapi. Sijalalamika. Nimempigia Rita kumwambia siku na saa, akasema watu wao huwa hawaingii kwetu. Nikasema najua.

Jumatatu, 30 Mei

Joto tangu asubuhi. Pioni zilitolewa kwenye friji jana, leo zimefunguka kubwa kama sahani. Tuliweka ndoo sita nyuma ya gari, Shangazi mbele na kofia yake.

Jiwe limesimama. Duane alilileta Ijumaa. Shangazi alilizunguka kwa fimbo, akafika nyuma, akasoma kwa kidole kila jina, akianza juu. Alipofika kwa Anna wa pili alirudi kwa Anna wa kwanza, akapitisha kidole baina yao. Aliniambia nimletee kiti.

Kwetu, mashada yakishawekwa, mwenyekiti wa chama husimama chini ya bendera na kusoma daftari la maziko, ukoo baada ya ukoo, kila aliyelala pale tangu 1884. Anasoma jina, na mtu wa ukoo ule anaitikia, "Yupo." Inachukua saa nzima na watoto hukojoa nyuma ya miti. Ilipofika zamu ya Vondra niliitikia mimi. Frantisek, yupo. Barbora, yupo. Tomas, yupo. Mpaka wa mwisho. Mwenyekiti akageuza ukurasa.

Shangazi akainuka. Nilimshika kiwiko, akanisukuma.

"Hujamaliza," akamwambia mwenyekiti. "Anna Vondra. Vojtech Vondra."

Watu mia mbili wakageuka. Mwenyekiti, mtu mpole, muuza mbegu, akaangalia ukurasa wake. "Bibi Albina, samahani, hao hawamo kwenye daftari."

"Najua hawamo. Ndiyo maana nawasoma mimi."

Hapakuwa na mtu wa kuitikia, maana ukweli ni kwamba kwetu hawapo, na mimi nisingeweza kusema uongo mbele ya kaburi. Shangazi alisimama pale, mikono juu ya fimbo, akisubiri, na nikaona kwamba angesubiri mpaka aanguke.

"Wapo."

Sauti ilitoka langoni. Rita alikuwa amesimama barabarani, upande wa nje wa uzio, shada moja mkononi na kofia yangu kwa mkono mwingine, uso mwekundu kwa jua.

"Wapo kwetu," akasema kwa sauti ya kutosha. "Mstari wa pili, karibu na uzio. Tumewapalilia leo asubuhi."

Shangazi alimwinamishia kichwa, mara moja, taratibu, kisha akaketi. Alikuwa analia waziwazi na hakujificha. Marlys akampa leso. Mwenyekiti alilifunga daftari, akalifungua tena, akaanza kupapasa mifuko kutafuta kalamu ya kuwaandika. Mimi sikuwa nayo, wala mtu yeyote wa karibu. Aliyekuwa nayo ni Rita, kwenye mkoba, akatusogelea nayo mpaka langoni, akasita kidogo, kisha akaingia.